Shahada ya mtandaoni haikunitoa kijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye hivi karibuni alizikejeli shahada za uzamili zinazosomwa kwa njia ya mtandao katika vyuo vikuu vya dini, akaziita "vyeti vya bando" na kuwashauri waajiri wazitupe kapuni kabla hata ya kufungua bahasha. Mimi ni afisa afya wa mazingira katika wilaya ya Masasi, mkoani Mtwara, na shahada yangu ni ya aina hiyo hiyo anayoidhihaki: Shahada ya Uzamili ya Afya ya Jamii niliyoisoma kwa miaka mitatu katika chuo kikuu cha kanisa kilichoko mashariki ya Marekani, pasipo kukanyaga Marekani hata siku moja. Barua yake haikunikasirisha, kwa kuwa nusu ya aliyoyaandika nimepata kuyasema mwenyewe barazani. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonikalisha leo kuandika.

Nieleze kwanza kwa nini sikwenda kusoma Dar es Salaam, ambako Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinatoa shahada hiyo na sifa yake haina mgogoro. Wakati huo nilikuwa na miaka tisa kazini. Kata niliyopangiwa ilikuwa na zahanati mbili na afisa afya mmoja, ambaye ni mimi, na mtumishi anayeondoka huku kwenda masomoni hapati wa kumshikia nafasi. Meza yake hufunikwa kitambaa ikamsubiri. Halafu kulikuwa na mikorosho. Ada yangu ilitoka katika shamba alilotuachia marehemu baba, na mikorosho haisimamiwi kwa simu: msimu wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga ukifika, mwenye shamba awepo, la sivyo maua yote yanakauka mitini. Kuna mwaka mnada ulichelewa, malipo yakachelewa, na mimi nikachelewa kulipa. Nilipowaandikia watu wa ofisi ya ada kuwaeleza mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka korosho ghalani na kulipwa baada ya mnada, walijibu kwamba hawajawahi kupokea sababu ya namna hiyo, wakaniongezea wiki sita.

Msomaji mwenzangu anasema afya ya jamii haifundishiki kwa mbali. Wazazi wetu wangemshangaa. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi, wakasomeana vijitabu vilivyoeleza habari za malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mama yangu alikuwa katibu wa kikundi kimoja kwa sababu tu alijua kusoma na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Redio ile ingekuwa kelele tupu kama upande wa pili pasingekuwapo kikundi na jembe, na hilo ndilo swali ninaloliona la haki kuulizwa kuhusu masomo yangu pia: upande wa pili wa kompyuta palikuwa na nini?

Kabla sijalijibu, niseme neno juu ya matapeli, maana hapo mwenzangu amesema kweli. Vipo vyuo hewa, na baadhi vimejipachika majina ya kidini makusudi ili muumini aone haya kuvihoji. Njia ya kuvitambua ni nyepesi na haihitaji ujuzi wa kipekee. Nchini Marekani mafunzo ya afya ya jamii hukaguliwa na baraza linalojulikana kwa kifupi kama CEPH, lililoundwa mwaka 1974, ambalo halikubali shahada ya uzamili yenye chini ya krediti 42 za muhula (krediti ni kipimo cha uzito wa masomo), hudai kila mwanafunzi apimwe katika stadi 22 za msingi, na hulazimisha mafunzo kwa vitendo nje ya darasa pamoja na kazi ya mwisho inayounganisha yote. Chuo cha dini kinachotaka ithibati hiyo hakisamehewi hata somo moja kwa ajili ya utakatifu wake: epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, ni ile ile, takwimu ni zile zile, na kiwango kinachopimwa kwa wanafunzi wa darasani ndicho kinachopimwa kwa wa mtandaoni. Orodha ya programu zilizothibitishwa iko wazi kwa kila mtu. Kwetu, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo yenye kazi ya kutambua tuzo za nje, yaani shahada na vyeti vya vyuo vya nje, na ushauri wangu kwa kijana anayefikiria njia hii ni kwamba aiulize Tume kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, asingoje mpaka amevaa joho. Tena achukue bei ya krediti moja aizidishe mara 42 au zaidi, kisha aigeuze kuwa shilingi, kwa sababu tangazo la chuo humwonyesha krediti moja tu. Mimi nilianza masomo dola ikiwa chini ya shilingi 2,400. Nilipokuwa ninamalizia ilikuwa imeshapita 2,500, na tofauti hiyo ilimeza magunia ya korosho ambayo sikuwa nimeyapangia safari hiyo.

Ajue pia kwamba shahada hii haimfanyi mtu kuwa daktari wala haimpi leseni yoyote mpya. Muuguzi anabaki muuguzi, na mimi nimebaki kuwa bwana afya, anayesajiliwa na baraza lile lile la hapa nchini kama zamani. Nimekutana na wawili waliosoma wakidhani wangerudi na koti jeupe, wakaishia kulalamika kwamba wamedanganywa, ilhali hakuna aliyewadanganya.

Sasa nije kwenye dini, ambayo naona ndiyo iliyomkera zaidi mwenzangu. Anauliza takwimu na sala zinakutana wapi. Zilikutana London mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street, kitongoji cha Soho, na kila mwanafunzi wa fani hii husomeshwa nusu ya kisa hicho. Nusu inayosomeshwa ni ya daktari John Snow, aliyeshuku kwamba kipindupindu kinasafiri ndani ya maji, akahesabu vifo kuizunguka pampu moja ya umma na kuwashawishi viongozi wa parokia waondoe mkono wa pampu ile tarehe 8 Septemba. Nusu ya pili ni ya Henry Whitehead, kasisi kijana msaidizi wa kanisa la Mtakatifu Luka, lililokuwa kitongojini humo. Whitehead hakumwamini Snow. Aliona nadharia ya maji ni ya haraka mno, akaazimia kuipindua kwa ushahidi, na silaha yake ilikuwa moja tu: aliwajua watu wale. Alikuwa amewazika wafu wao na kukesha na wagonjwa wao, kwa hiyo alipobisha hodi mara ya pili, ya tatu na ya nne kuuliza nani alikunywa maji ya wapi na siku gani, walimjibu. Kadiri alivyouliza ndivyo majibu yalivyomgeuka, mpaka yeye mwenyewe akakubali kwamba Snow ana haki. Zaidi ya hayo, ndiye aliyempata mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeugua kabla ya wengine wote, ambaye nepi zake zilikuwa zikifuliwa na maji yake kumwagwa katika shimo la uchafu lililokuwa chini ya mita moja kutoka kwenye kisima. Kisima kilipochimbuliwa na kukaguliwa, ilionekana shimo lile linavuja. Watu zaidi ya 600 walikuwa wamekwisha kufa.

Katika chuo changu kisa hiki kilifundishwa kwa pande zote mbili, na mhadhiri wetu wa epidemiolojia, ambaye ni mchungaji pia, aliwapa wanafunzi swali ambalo limenifuata mpaka leo: katika eneo lako la kazi, nani anajua mambo ambayo wewe hutaambiwa kamwe? Nilijibu kwa haraka, kama kawaida ya mwanafunzi anayekimbizana na bando la usiku lisiishe, kwamba ninakofanyia kazi naambiwa kila kitu, maana ninafahamika. Alinirudishia kazi yangu na alama ndogo, pamoja na sentensi moja ya kuniuliza mamlaka yangu kisheria ni yapi.

Mamlaka yangu ni kutoza faini, Mhariri. Yeyote aliyekulia kijijini anamjua bwana afya: ni mtu anayeingia uani, anauliza choo kiko wapi, na mkononi ana kitabu cha stakabadhi. Nimewahi kuona choo chenye kata mpya ya kuchotea maji na majivu mapya, kimefagiliwa vizuri, na hakijawahi kutumiwa hata na kuku; kilijengwa kwa ajili yangu. Kwa miaka tisa nilikuwa nikikusanya takwimu za vyoo na maji kutoka kwa watu wanaoniogopa, na kuzipeleka halmashauri zikiwa zimepambwa kama choo kile.

Mafunzo yangu kwa vitendo niliyafanya katika kijiji kimoja cha kata yangu, chini ya usimamizi wa Mganga Mkuu wa Halmashauri kwa upande wa huku na mhadhiri kwa upande wa kule. Kitabu cha MTUHA cha wagonjwa wa nje, ambamo zahanati huandika takwimu zake, kilionyesha kwamba kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulikuwa kukipanda kila kiangazi katika vitongoji viwili, na kijijini palikuwa na maelezo mawili tayari. Baadhi ya Wakristo walikuwa wananong'ona kwamba ni maji ya birika la msikiti, ambako watoto wa madrasa hunywa baada ya kutawadha. Baadhi ya Waislamu nao walikuwa wananong'ona kwamba ni nguruwe wa Wakristo, wanaoachiwa hovyo baada ya mavuno. Sihitaji kuwaeleza wasomaji wako jinsi minong'ono ya aina hiyo inavyoweza kuishia pabaya. Nilipopita nyumba kwa nyumba na dodoso langu, karibu kila kaya iliniambia inachota maji kwenye pampu ya mkono iliyo karibu na shule, na kaya zilizokiri kutumia maji mengine zilihesabika kwa vidole vya mikono. Kwa majibu hayo hapakuwa na tofauti yoyote kati ya waliougua na wasiougua. Niliituma hesabu ile chuoni nikiwa na uhakika kwamba birika na nguruwe wote hawana hatia, na kwamba chanzo hakijulikani.

Msimamizi wangu wa Marekani, ambaye Masasi hajawahi kuiona hata kwenye ramani mpaka nilipomwonyesha, aliniuliza pampu hiyo ina foleni ya urefu gani mwezi wa Oktoba. Nilikwenda kutazama. Hapakuwa na foleni, kwa sababu pampu haikuwa ikitoa maji. Ilikuwa imeharibika tangu Agosti, kama ilivyoharibika mwaka uliotangulia, na mimi nilikuwa nimeandika katika fomu zangu kwamba watu wanakunywa maji yake.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa shehe wa msikiti na kwa mchungaji wa kanisa letu la Anglikana, nikawaomba nisiwepo. Mke wa shehe na akina mama wawili wa umoja wa akina mama wa kanisa walifundishwa maswali manne tu, wakapita katika kaya zile zile bila kitabu cha stakabadhi na bila mimi. Majibu yaligeuka kabisa: karibu kaya moja katika kila tatu ilikuwa ikichota kwenye vidimbwi vinavyochimbwa katika mchanga wa mto uliokauka, mahali ambapo ng'ombe hunywa na ambapo sheria ndogo ya kijiji imekataza kuchota, kwa faini ambayo wakala wake ni mimi. Watoto waliougua walikuwa wa kaya hizo kwa sehemu kubwa. Na pampu haikutengenezwa kwa sababu kamati ya maji ilikuwa haina fedha, kwa kuwa watu walikataa kuchanga, kwa kuwa kila upande uliamini kwamba mweka hazina wa upande wa pili anazila. Yaani ugonjwa wa tumbo la mtoto ulianzia katika daftari la michango. Sikufundishwa hilo katika stashahada yangu ya afya ya mazingira, na sidhani kama ningeligundua kwa kukaa katika ukumbi wa mihadhara wowote ule, wa Muhimbili au wa Marekani.

Ijumaa moja shehe alieleza katika hotuba yake agizo la Mtume Muhammad (S.A.W.) kwamba mtu akisikia tauni imeingia katika nchi asiende huko, na akiwa ndani yake asitoke kuikimbia, akawauliza waumini kama mtu aliyeelekezwa hivyo karne nyingi kabla ya darubini anaweza kudharau kidimbwi cha ng'ombe. Jumapili iliyofuata mchungaji akasoma Mambo ya Walawi kuhusu kutengwa kwa mwenye ukoma, na kwa kweli alikwenda mbali kidogo na mada, lakini mwishoni alifika kwenye pampu.

Sitaki nionekane ninajenga hoja juu ya kijiji kimoja. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 16 vya kaskazini magharibi mwa Tanzania, eneo ambalo kijadi wanaume wengi hawatahiriwi, wakati Serikali ikieneza tohara ya hiari ili kupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Huduma ya tohara ilifika katika vijiji vyote kwa namna ile ile. Tofauti ni kwamba katika nusu ya vijiji viongozi wa makanisa walipewa kwanza semina iliyochanganya maelezo ya kitabibu, mila na Maandiko. Katika vijiji hivyo wanaume waliotahiriwa walifika asilimia 52.8, na katika vijiji ambavyo viongozi wa makanisa hawakupewa semina walikuwa asilimia 29.5. Kizuizi kimojawapo kilikuwa imani ya Wakristo wengi wa huko kwamba tohara ni ya Waislamu. Sisi wa Masasi tunatabasamu tukisoma hayo, maana huku jando limekuwa la wote tangu enzi, na Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi hii kuanzia mwaka 1926, alipata sifa na lawama kwa kuliingiza jando ndani ya kanisa badala ya kulipiga vita. Lakini namba zile zinasema jambo zito: dozi moja ya mazungumzo na wachungaji ilifanya kazi ambayo vipaza sauti vya magari ya kampeni havikuweza kuifanya peke yake.

Hata katika sayansi yenyewe waumini wamekuwa na mchango ambao si wa mahubiri. Chuo Kikuu cha Loma Linda, kilichoanzishwa na Waadventista Wasabato kusini mwa California mwaka 1905, ambacho leo hutoa pia shahada ya uzamili ya afya ya jamii kwa mtandao, kimekuwa kikiwafuatilia waumini wa dhehebu hilo wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada katika utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2002. Uzuri wa kundi hilo kwa mtafiti ni kwamba wengi wao hawavuti sigara wala kunywa pombe, ila katika chakula wanatofautiana sana, wengine wakila nyama na wengine wakiiacha kabisa. Kwa hiyo mtafiti anaweza kuutazama mchango wa chakula bila moshi na pombe kumchanganyia hesabu. Wenye dhehebu hilo wana chuo cha uzamili karibu nasi pia, Ongata Rongai nje kidogo ya Nairobi, na afya ya jamii ni miongoni mwa fani zinazofundishwa hapo. Nakitaja kwa ajili ya wasomaji wanaodhani kwamba lazima mtu avuke bahari hata kama ni kwa waya.

Ipo hofu nyingine ambayo msomaji mwenzangu aliigusa kwa mstari mmoja, nami naona ilistahili barua nzima. Dini ikipewa afya mkononi inaweza kuua. Tuliona mwaka 2011 magari yakipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 alichogawa mchungaji mmoja mstaafu, na miongoni mwa waliokunywa walikuwapo walioacha dawa za kufubaza virusi wakiamini wamepona. Tuliona nchini Kenya mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wakiitilia shaka hadharani chanjo ya pepopunda iliyolenga kuwakinga watoto wachanga kupitia mama zao, huku Wizara ya Afya ikisisitiza kwamba ni salama. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya waumini wa kikundi kilichohusishwa na mafundisho ya kufunga kula hadi kufa. Mtu akiniuliza kama chuo cha dini kinaweza kuzalisha watetezi wa mambo kama hayo, jibu langu ni kwamba kinaweza, kama hakina mkaguzi na kama wahadhiri wake wanaogopa maswali.

Kwangu mimi mambo yalikwenda hivi. Katika somo la mawasiliano ya afya tulipewa mzozo ule wa pepopunda, na kila mmoja wetu akatakiwa kuandika barua moja kwa askofu mwenye mashaka na nyingine kwa afisa wa wizara aliyemkasirikia askofu huyo. Masharti yalikuwa mawili: barua isiwe na uongo wowote wa kitabibu, na mwandikiwa aweze kuisoma mpaka mwisho bila kuichana. Niliandika barua ya askofu mara tano. Katika somo la Ukimwi, kondomu ilifundishwa kwa ufanisi wake na kwa mapungufu yake kama inavyofundishwa penginepo, na mwanafunzi mmoja wa Marekani alipolalamika kwamba chuo cha kanisa hakipaswi kufika huko, mhadhiri alimuuliza atamwambia nini mke wa mtu mwenye virusi, aliyefunga ndoa kanisani. Sikubaliani na kila kitu nilichokisikia chuoni, na palikuwa na vitabu vya theolojia nilivyovisoma nikisinzia, lakini sijaona mahali ambapo ushahidi ulifichwa ili imani ionekane safi. Anayechagua chuo aulize jambo hilo waziwazi kwa barua pepe kabla ya kujiunga, na akijibiwa kwa mafumbo aondoke.

Kasoro zipo na sitazificha. Vipindi vya moja kwa moja vilikuwa saa moja jioni kwao, ambayo kwetu ni saa nane au saa tisa ya usiku kutegemea majira yao, nami asubuhi nilitakiwa mnadani kukagua nyama. Umeme ukikatika katikati ya mtihani, hakuna mwalimu wa kumkimbilia. Mifano mingi ilikuwa ya huko: nililazimika kuandika kurasa kumi na mbili juu ya mashine za kuuza soda katika shule za sekondari, kitu ambacho nilikiona mara ya kwanza katika picha ya kitabu. Nilipoomba niandike juu ya choo cha shimo, nilikubaliwa, lakini mwanafunzi mwenye aibu asingeomba. Na upweke ule ni mkubwa. Yule anayesoma chuoni ana wenzake wa kubishana nao wakila, na mimi nilikuwa na redio na mbwa.

Kinachobaki ni waajiri. Nilipopeleka cheti changu katika ofisi moja inayohusika na watumishi ili taarifa zangu zirekebishwe, afisa aliyekipokea alikigeuza nyuma na mbele, akauliza, "Hii ndiyo ile ya kwenye simu?" Nilimwonyesha barua ya utambuzi ya Tume, akaiweka chini ya cheti bila kuisoma. Huu ni mwezi wa saba tangu nikipeleke. Sikuomba nipendelewe, niliomba aniulize maswali ambayo angemuuliza mtu yeyote mwenye shahada hii, kwamba ithibati yake iko wapi, mafunzo kwa vitendo niliyafanya wapi, nani alinisimamia, na kazi yangu ya mwisho inasema nini. Nakala ya kazi hiyo ipo kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri na ina muhtasari wa Kiswahili ambao niliuandika kwa hiari yangu, maana watu waliohesabiwa humo wana haki ya kuisoma. Vyuo vya dini navyo, vya ndani na vya nje, vingefanya vyema kudai muhtasari wa namna hiyo kutoka kwa kila mwanafunzi anayefanya utafiti vijijini, katika lugha ya wanakijiji hao.

Msomaji mwenzangu namkaribisha. Pampu ilitengenezwa, na michango sasa inatunzwa kwa utaratibu ambao wanakijiji waliutunga wenyewe: shehe anakaa na daftari, mchungaji anakaa na ufunguo wa sanduku, na sanduku lenyewe liko kwa mwalimu mkuu. Hufunguliwa mbele ya watu kila mwisho wa mwezi, na bwana afya hualikwa kuwa shahidi kwa sharti la kuacha kitabu cha stakabadhi nyumbani. Mwezi huu wanafungua kesho saa kumi alasiri.

Wako,
Afisa Afya wa Mazingira,
Masasi, Mtwara.